Antena ya Masafa Yote

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kuvaa kanzu, ni zamani ya juzi tu, redio za jeshi zilipokuwa zinabebwa mgongoni kama mtoto, kulikuwa na ngome juu ya mlima ikiitwa Ikombela. Chini ya ngome kulikuwa na bonde. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na wezi wa ng'ombe wenye bunduki. Wezi wakishuka, askari wanatoka doria. Askari wakitoka doria, mmoja wao anabeba redio. Na anayebeba redio ndiye anayepigwa risasi kwanza.

Kwa nini yeye kwanza? Kwa sababu ya antena. Antena ya redio ile ilikuwa fimbo ya chuma ndefu kuliko mtu, na askari waliiita mlingoti. Jifiche unavyotaka, lala kwenye majani, jipake masizi usoni, mlingoti unabaki juu unayumba kama twiga kwenye shamba la maharage. Wezi walikuwa wanautafuta huo. Ukimwangusha mwenye redio, doria nzima imekuwa bubu, na mtu bubu bondeni haji kuokolewa.

Basi Kanali Gwakisa, mkuu wa ngome, akachoka kuzika wapiga redio. Asubuhi moja akasimama mbele ya gwaride akasema:

"Natafuta antena. Iwe fupi, isizidi mkono wa mtu. Na ifanye kazi masafa yote. Atakayeniletea, nyumba ya mawe ni yake mpaka afe."

Halafu akaenda kunywa chai. Laiti angeongeza neno moja tu, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Nyumba ya mawe mnataka kuijua. Ilikuwa chumba kimoja na jiko, basi. Lakini ilikuwa na bomba ndani. Ndani, si uani. Watu wengine wote wa Ikombela waliteka maji kwenye chemchemi chini ya mlima, wakapanda nayo kichwani, na nusu ilimwagika njiani. Nyumba ile ilikuwa tupu tangu daktari wa ngome alipohama, na kila aliyepita aliangalia dirishani.

Walioitaka zaidi walikuwa watatu.

Wa kwanza, Sajini Lwitiko, fundi mzee wa karakana. Alikuwa anakaribia kustaafu. Akistaafu anarudisha kota ya jeshi, na kwao hakuna aliyemwekea hata kona.

Wa pili, Injinia Rukaya, binti aliyetoka chuoni. Alikuwa analala kwenye stoo ya karakana pamoja na mama yake, na mama huyo miguu ilikuwa haimbebi tena. Chemchemi aliisikia kwa masimulizi.

Wa tatu, Koplo Tunsume, mpiga redio, mama wa watoto wadogo. Aliteka maji kabla ya gwaride, akabeba redio baada ya gwaride, kwa hiyo mgongo wake na kichwa chake vilipumzika kwa zamu. Tunsume hakuwa fundi. Kuunda antena hakujua. Aliitazama nyumba ya mawe kama tunavyotazama kanga za watu dukani, akapita.

Lwitiko na Rukaya wakaanza kazi. Walitenganishwa na ukuta wa mbao, na hawakuambizana kitu, kwa sababu nyumba ni moja.

Lwitiko alijiambia, "Masafa ni umbali. Kanali anataka antena inayofika karibu, inayofika mbali, na inayofika mbali zaidi." Akachukua waya mrefu wa shaba, urefu uleule wa mlingoti, akausokota kwenye bomba la plastiki, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ule urefu wote ukaingia kwenye kitu kifupi kuliko mkono. Akausogeza, akaupunguza, akaujaribu, mpaka chaneli ya jeshi ikalia ndani yake kama kengele. Ikafika mbali. Lakini ilikuwa inaijua chaneli ile moja tu. Ukigusa nyingine, inakufa.

Rukaya alijiambia, "Masafa ni mitetemo ya mawimbi. Kanali anataka antena inayokubali chaneli zote, kutoka chini ya kisahani cha chaneli mpaka juu." Mwili mwembamba hupendelea wimbi moja, mwili mpana hupokea mengi. Kwa hiyo akakata mabati mepesi ya shaba, mapana kama mabawa ya kipepeo, akayashona ndani ya turubai ya begi. Yalipogoma kwenye chaneli za chini, akayatuliza kwa rezista, vipande vidogo vinavyozuia umeme. Yakatulia. Zikaitika chaneli zote. Lakini rezista hutuliza kwa kula: nguvu nyingi ya redio iliishia humo ikageuka joto. Antena ikasikia kila kitu, na sauti yake yenyewe haikwenda mbali.

Siku ya majaribio ikafika. Doria ilikuwa inashuka bondeni, na Kanali aliamuru Tunsume azibebe zote mbili. Wakakutana mlangoni pa karakana.

"Injinia, umeshona mfuko?" akauliza Lwitiko.

"Ni antena, Mzee. Na hiyo yako, umeing'oa kwenye jiko la umeme la nani?"

"Mkimaliza kutukanana mniambie naanza na ipi," akasema Tunsume. "Nina safari."

"Anza na yangu," akasema Lwitiko. "Inatoka hapa mpaka Kilima cha Mbega, inapita."

"Kwenye chaneli gani?" akauliza Rukaya.

"Tunayotumia."

"Na nyingine?"

"Nyingine za nini? Kanali kasema masafa yote. Karibu, mbali, mbali zaidi. Yote nimeyapata."

Rukaya akakaa juu ya ndoo. "Mzee wangu. Masafa ni chaneli."

"Binti yangu. Masafa ni umbali. Bibi yangu hakuwahi kuona redio na masafa aliyajua, aliyatembea kwa miguu. Haya, na yako inafika wapi?"

"Mtoni."

"Mtoni! Mtoni mimi naita kwa mdomo na watu wanageuka."

Tunsume akacheka mpaka redio ikamteleza begani. Rukaya hakucheka. Lwitiko naye akaichukua ile turubai, akaipapasa pembeni kwa vidole vyake vizito, na uso wake ukabadilika, kwa sababu fundi anaijua kazi.

"Umefanya vizuri," akasema. "Ila haina mguu. Antena inasukuma mawimbi hewani. Anayesukuma lazima akanyage. Mlingoti ulikuwa mrefu ukajitegemea. Hiki kifupi kinataka kitu chini yake cha kukanyagia, waya, mkia, chochote."

"Najua, Mzee. Nilifundishwa. Lakini mkia nao ni urefu, na Kanali kasema isizidi mkono. Amri ni amri."

"Hapo umesema kweli," akasema Lwitiko. "Amri ni amri."

Kanali akaja akasikia mabishano hayajaisha. Akasema, "Nitaamua zikirudi. Koplo, zirudi nzima zote mbili. Nitazipima mwenyewe."

"Sawa, Afande," akasema Tunsume.

Doria ikashuka. Luteni Seba ndiye aliyekuwa mkuu wake. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na walipokwisha kuvuka mto kwenye daraja la magogo, maji yakapanda nyuma yao yakalizoa daraja. Mbele kuna wezi, nyuma kuna mto. Wezi wakawa juu ya ukingo wa bonde wanawatafuta.

"Redio yenu iko wapi leo?" akapiga kelele mmoja wao. "Mmeiacha kwa mama?"

Hawakuuona mlingoti, kwa sababu haukuwapo. Tunsume alikuwa amelala katikati ya wenzake na hakuna aliyemtofautisha. Wakamlenga aliyetangulia, na aliyetangulia alikuwa Luteni Seba. Risasi ikampata pajani. Wenzake wakamvuta kwenye korongo, wakamfunga mguu kwa mkanda, wakajibu risasi. Korongo liliwasitiri, lakini halikuwa na mlango wa pili.

Tunsume akafunga antena ya Lwitiko. Akabonyeza.

"Ngome, Ngome, hapa Doria. Unanipata? Ova."

"Doria, nakupata vizuri sana. Sema. Ova."

Sauti ilikuja safi kana kwamba mtu amekaa jirani. Tunsume akafungua mdomo aseme wako wapi. Mara chaneli ikajaa mluzi. Wezi nao walikuwa na redio, za magendo, na mmoja wao alikuwa amebonyeza kitufe anapiga mluzi wa harusi. Tunsume aliita, mluzi ukamfunika. Aliita tena, mluzi ukaongezwa na vigelegele.

Desturi ya jeshi inajulikana: chaneli ikizibwa, pande zote mbili zihamie ya juu. Tunsume akazungusha kisahani. Antena ya Lwitiko ikanyamaza kama jiwe. Akazungusha tena. Jiwe.

Akaifungua, akafunga ya Rukaya. Chaneli ya juu ikaamka. Akaisikia ngome inamwita, "Doria, Doria, uko wapi? Ova." Akajibu. Ngome ikaendelea kumwita. Akajibu tena kwa nguvu, kama vile kupiga kelele kunaongeza betri. Ngome ikaendelea kumwita. Anawasikia, hawamsikii.

Hapo akakumbuka mazungumzo ya mlangoni. Anayesukuma lazima akanyage. Mkia. Akatazama huku na huku. Waya hawakuwa nao. Waya pekee katika korongo lile lote ulikuwa umesokotwa kwenye bomba la plastiki la Sajini Lwitiko. Akachomoa kisu.

"Koplo," akasema Luteni Seba, amekaza meno kwa maumivu, "hizo zirudi nzima. Ni amri."

"Afande, zitarudi nzima. Sisi je?"

Luteni akageuza uso upande wa pili.

Tunsume akaifumua. Kazi ya wiki nyingi za mzee ikatoka mzunguko kwa mzunguko. Akakwangua rangi ya waya kwa kisu mpaka shaba ikang'aa, akafunga ncha moja kwenye chuma cha redio, sehemu iliyobaki akailaza kwenye matope nyuma yake kama mkia wa mjusi. Kwa nini aliulaza hivyo na si vinginevyo, hakujua. Aliulaza palipokuwa na nafasi.

"Ngome, Ngome, hapa Doria."

"Doria! Nakupata! Uko wapi? Ova."

Akasema wako wapi. Akasema daraja limekwenda. Akasema Luteni ameumia. Wezi wakaisaka ile chaneli, na walipoipata akahamia nyingine, wakaisaka, akahamia nyingine, na ngome ikawa inamfuata kama watu wanaocheza kombolela. Yule wa mluzi wa harusi akabaki anapigia mluzi chaneli tupu. Jua likiwa bado juu, askari wa ngome walizunguka kwa daraja jingine lililoko mlimani, wakatokea nyuma ya ukingo, na wezi wakatupa silaha wakakimbia. Doria ikarudi yote. Luteni Seba alibebwa, lakini alirudi akitukana wabebaji kwamba wanamtikisa, na mgonjwa anayetukana ana afya.

Sasa njooni kwenye uwanja wa gwaride.

Kanali Gwakisa amesimama, ufunguo wa nyumba ya mawe mkononi. Mezani kuna turubai yenye matope, na bomba la plastiki tupu, na waya uliojikunja.

Lwitiko akaliokota lile bomba. Halafu akasema:

"Nyumba ni yangu. Kanali aliomba fupi, nikamletea fupi. Aliomba masafa, na redio ya kwanza kusikika kutoka kwenye korongo ilisikika kwa antena yangu. Ngome ilijua doria iko hai kwa sababu yangu. Mkia waliotumia ni waya wangu. Wazo la mkia lilitoka kinywani mwangu, na Injinia na Koplo walikuwapo. Yangu haikushindwa, ilifumuliwa. Sasa mtu aniambie fundi gani mwingine hapa ametoa kazi yake yote, mpaka ikabaki bomba?"

Askari wakanong'ona, "Mzee anasema kweli."

Rukaya akasimama.

"Nyumba ni yangu. Kanali aliomba masafa yote, na chaneli zote walizokimbilia zilikuwa ndani ya turubai yangu. Ya Mzee ilizibwa na mluzi wa mtu mmoja. Waya ule ungelazwa peke yake kwenye matope ungefanya nini? Ungekuwa waya kwenye matope. Wazo la mkia nililijua kabla Mzee hajafungua mdomo, nikaliacha kwa sababu ya amri. Je, aliyetii amri aadhibiwe kwa kutii? Ningevunja amri, ningeileta ikiwa na mkia tangu siku ya kwanza."

Askari wakanong'ona, "Injinia anasema kweli."

Wote wakamgeukia Tunsume. Tunsume alikuwa anafikiria chakula cha watoto, lakini alipoona wanamtazama, akasema:

"Mimi sikuja kudai. Lakini mkiniuliza, nyumba ni yangu. Antena mbili zilishuka bondeni, hakuna hata moja iliyofanya kazi. Moja ilifika mbali ikazibwa. Moja ilifungua kote isifike. Antena iliyotuokoa ni ya tatu, na ya tatu haikuundwa karakana. Iliundwa korongoni, risasi zinapita, na mimi. Ndugu zangu hawa walijua kuhusu mkia, wote wawili. Walijua wakakaa nao. Na mlingoti haukuua fundi hata mmoja. Uliua wabebaji."

Askari hawakunong'ona. Wengine waliangalia viatu vyao.

"Wewe ulivunja amri," akasema Lwitiko, bila hasira.

"Nilivunja, Mzee. Na antena yako pia nilivunja. Kwa hiyo pole."

"Tumuulize Afande," akasema Rukaya. "Afande, siku ile uliposema masafa yote, ulimaanisha masafa yapi? Umbali au chaneli? Ukijibu, angalau mmoja wetu ataondoka hapa akijua."

Kanali akajikuna shingo. Alikuwa mtu mkweli, na hilo ndilo lililomtia taabuni.

"Nilisema kama nilivyosikia," akasema. "Malalamiko yaliletwa kwangu kwamba redio zetu masafa yake ni mabaya. Nikaona ni neno la kitaalamu, nikalitumia."

"Nani aliyeyaleta?"

"Wapiga redio."

Wakamgeukia tena Tunsume. Tunsume akainua mkono.

"Ni mimi."

"Na wewe ulimaanisha yapi?"

"Nilimaanisha nikiita, mtu anijibu," akasema Tunsume. "Kwa njia ipi, sikujali."

Lwitiko akaanza kucheka, Rukaya akafuatia, na Kanali akageuka akakohoa ili wasione kwamba na yeye anacheka.

Ni kweli kwamba siku hiyo hakuna aliyepewa ufunguo. Lakini ukuta wa mbao wa karakana ulitolewa, kwa sababu Lwitiko na Rukaya walichoka kupiga kelele kuupitia. Wakaiunda upya. Mabati ya kipepeo yakabaki kwenye turubai, rezista zikapunguzwa, chaneli za chini zikasaidiwa na koili ndogo ya mzee, yaani waya uliosokotwa, na mkia ukashonwa ndani ya mikanda ya begi, ukapita begani na kiunoni mwa mbebaji, usionekane. Tunsume aliivaa, akainama, akatambaa, akaruka, akasema inamkata kwapani, wakaishona tena. Ukisimama mbali humtofautishi mpiga redio na mpishi. Tangu siku ile Ikombela haijazika mpiga redio. Milingoti ya zamani wamepewa wake wa kota, na ni mizuri sana ya kuanikia nguo, haipati kutu.

Nyumba tu ndiyo bado imefungwa. Kanali amepata uhamisho na kesho anaondoka, na kabla ya kupanda gari lazima aandike jina moja mlangoni. Msiniambie wagawane. Nimewaambia ni chumba kimoja na jiko, na jeshi haliandiki majina mawili kwenye mlango mmoja. Na msiniambie apewe mwenye shida zaidi, kwa sababu mzee hana pa kwenda, mama wa Rukaya hawezi kushuka chemchemini, na Tunsume kesho alfajiri ana ndoo kichwani kama jana. Kanali hakuahidi nyumba kwa mwenye shida. Aliahidi kwa atakayeleta antena.

Basi nyinyi mliokaa hapo mkinisikiliza, semeni, na mwenye jibu asimame atoe na sababu. Mmoja alisuka waya na kutoa wazo, kazi yake ikafumuliwa. Mmoja aliunda kinachokubali mawimbi yote, akatii amri iliyokuwa na kosa. Mmoja hakuunda kitu, akavunja amri na kazi ya mwenzake, akawarudisha watu wote nyumbani.

Je, kati ya hao watatu, ni nani aliyeileta antena ya masafa yote, na ufunguo uwekwe kwenye mkono wa nani?